Mistari Miwili ya Shamba la Guka

Jumatatu, 28 Julai

Leo Madam Apiyo ametufundisha kugawanya mstatili sehemu tatu zinazolingana. Kata upande wowote, kisha hesabu miraba – ikilingana, umepata. Nilipata zote! Mama aliposikia akasema basi Guka atanihitaji Jumamosi. Guka ni babu yangu, baba yake Mama. Anawagawia watoto wake shamba la kule Chania: Anko Muriithi, Anko Simeon, na Mama. Sisi tumekuwa wapangaji hapa Ruiru tangu nizaliwe. Mama hajawahi kuwa na mahali pake.

Jumamosi, 2 Agosti

Shamba ni mstatili mrefu. Juu barabara ya lami, chini mto na njia ya darajani. Nilichora kwa rula, nikakata kwa mistari miwili ya kulala. Miraba ishirini kila sehemu.

Anko Simeon alicheka mpaka chai ikamwagika. "Sasa huyu wa katikati ataingia kwake na ndege?"

Guka akasema kwao kila mtu hukatiwa kutoka barabarani hadi mtoni, ng'ombe wake wanywe bila kuomba ruhusa. Nikatafuta raba nifute. Anko Muriithi akashika karatasi. Mtoto amechora poa, alisema. Juu yeye, chini Simeon, katikati Idah, yaani Mama. "Idah, si ni msichana wako amepima?"

Sielewi. Miraba ni ishirini, ishirini, ishirini. Mbona Mama aliinamia kikombe?

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimechora tena, mistari ya kusimama. Miraba ileile. Sasa kila mtu ana barabara na mto – lakini vipande ni vyembamba kama rula. Madam angeweka alama ya vyema kwa michoro yote miwili. Basi kwa nini natamani ule wa kwanza nisingeuchora?

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwuliza Mama kama amenikasirikia. "Ulichora ulichofunzwa," amesema, akaendelea kupiga pasi.

Hilo si jibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempa Guka mchoro mpya. Ameuweka kando ya ule wa kwanza, akatazama huu, akatazama ule.

"Baba, tutabadilisha mara ngapi?" Anko Muriithi akasema. "Hapo hata choo hakitoshei."

Mama huwa hambishii kaka yake. Leo ameweka kikombe chini. "Basi Muriithi, chukua wewe ya katikati."

Anko Simeon hakucheka.

Guka akaniambia nitoke nikakate vigingi. Vya mchoro gani? Sikuthubutu kuuliza. Nimehesabu: huu unataka vinne, na ule pia unataka vinne. Nimevikata. Nimekaa navyo mlangoni, naandika. Anko Muriithi amepaza sauti, kisha amepaza tena.

Mama bado anaongea.