Mapacha wa Kabatini

Jumatatu, 3 Juni

Nimemvunja pacha mmoja. Mungu wangu!

Mama mkwe yuko kwa wifi, ametolewa mtoto wa jicho. Anarudi Jumapili. Nikasema ngoja nimsafishie kabati lake la vioo, nipate sifa kidogo. Vile vyombo vyake viwili vya maua, vya samawati, vyenye nyuzi nyeupe zinazozunguka toka kitakoni hadi mdomoni — ndio mapacha. Miaka kumi na moja ya ndoa sijaruhusiwa kuwagusa. Nikamtia wa kwanza maji ya moto. Tik! Vipande vitatu. Mimi, muuza vyombo vya mitumba, ninayewaambia wateja kila siku: glasi baridi haitiwi maji ya moto!

Mume wangu amerudi, ameona, ameketi chini. Marehemu baba yake ndiye aliyewanunua ng'ambo, zawadi ya harusi yake na mama. Hadithi hiyo amekua nayo. Akasema tumsingizie paka. Hatuna paka.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata wazo. Kila chombo kina aliyekitengeneza. Nikijua ni kazi ya nani, nitatafuta mwingine wa kiwanda hichohicho, namweka kabatini, kimya. Na macho ya mama yalivyo mabovu... Muda huohuo wifi akapiga simu. Upasuaji umekwenda vizuri mno, mama anasoma mpaka vile vijimaandishi vya kwenye kopo la dawa. Basi, nimekwisha.

Hata hivyo nimempeleka pacha mzima sokoni, nimemviringisha kwenye taulo. Jirani yangu wa kibanda, tunamwita Profesa maana hakuna asilolijua, akampiga ukucha, akasikiliza mlio, akatoa hukumu: ya ng'ambo hii, kiwanda kikubwa, tafuta muhuri chini ya kitako. Tumetafuta mpaka macho yakauma. Hakuna muhuri. Kuna kovu la duara tu, kama kitovu. Profesa akakuna kichwa — sijawahi kumwona akikuna kichwa! Mwishowe akanielekeza kwa Mzee Bomba, aliyepuliza chupa miaka thelathini kwenye kile kiwanda cha vioo kilichofungwa.

Jumatano, 5 Juni

Mvua. Wateja wawili. Mzee Bomba hayupo, kaenda kliniki.

Nilitaka kukata kitambaa kinene cha kumfungia pacha. Nikachukua mkasi wa mama mkwe. Mkasi ule! Unatafuna tu. Haujawahi kumkatia mtu mwingine humu ndani, ni kama umeapishwa. Nimeurudisha kwenye droo, nimetumia kisu.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mzee Bomba anakaa chumba kimoja. Kitanda, redio, chupa za kijani dirishani zimepangwa kwa urefu. Mashavu yamelegea — ni ya kupuliza hayo, anasema, na anajicheka. Nikampa pacha. Kicheko kikakatika. Akamwinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, na samawati ikamwagika ukutani, ikampaka uso mzima, na nyuzi zile nikaziona zinapanda, zinapanda, hakuna uliougusa mwenzake. Miaka kumi na moja napita mbele ya kabati lile na fagio, sijaona kitu!

Akanifundisha taratibu. Kovu la kitakoni ni pale fimbo ya chuma ilipomshikilia akiwa wa moto. Maana yake ni kazi ya mkono, haikutoka kwenye kalibu ya kumiminia. Rangi ni ileile ya chupa za dawa walizokuwa wakitengeneza. Mwisho wa zamu, tanuri likibaki na masalia na msimamizi kaenda zake, mafundi walijitengenezea vitu vyao. Havikuandikwa popote. Halafu akaniambia nifuate nyuzi kwa kidole. Za mafundi wote zilipanda zikienda kulia, amri ya mkono wa kulia. Hizi zinakwenda kushoto.

Akataka niweke kiganja kwenye kibonyeo cha kiunoni mwa pacha. Cha kulia kilikataa. Cha kushoto kikaingia, ila kikapwaya, mkono wangu mdogo. Akasema alifinywa hapo akiwa wa moto, kwa gazeti lililoloweshwa. Kiganja, gazeti, moto! Nikauliza ni nani huyo.

“Tulimwita Shoto. Alikuwa mfungaji wa chupa, akizifunga kwa magazeti,” akasema. “Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuri. Mimi nilipuliza tu, mwanangu. Mkono ulikuwa wake.”

Alitengeneza viwili, akaolewa, akaacha kazi. Mzee hakumwona tena. Akaendelea kumzungusha pacha mwangani, akanisahau kabisa, nami sikutaka kumkatiza.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya duka la dawa ndipo nikaukumbuka mkasi. Nikasimama katikati ya barabara. Baiskeli ilinipigia kengele mara tatu, mwenyewe akanitukana, na ni haki yake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeujaribu mkasi kwa mkono wa kushoto. Unakata! Umepita kwenye kitambaa bila kelele.

Nimekaa sakafuni nikalia, na sijui nalia nini. Mama yule anayenikosoa ninavyokunja shuka! Anayefunga sahani kwa gazeti kwa kushoto, kwa kasi ya ajabu, tunamcheka! Nimekuwa nikizunguka mji mzima kumtafuta mtu ninayempikia chai. Nyumba njema si mlango, kweli.

Mume wangu ameuliza nimefikia wapi. Nikamwambia bado. Nitamwambiaje? Kila mgeni akija anamwonyesha kabati: baba yangu huyo, alivuka bahari kwa ajili ya mama. Si mdomo wangu wa kumnyang'anya hadithi hiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepiga deki mara mbili. Sitamsingizia paka. La kuvunda halina ubani, nitasema mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Amefika saa nne. Bandeji ilishatoka. Hata mkoba hajaweka chini, akalitazama kabati kutoka mlangoni.

Nikasema yote. Maji ya moto, tik, vipande vitatu. Ya Mzee Bomba sikusema. Nikapiga magoti nikamwekea vipande mbele yake kwenye sinia. Mume wangu alisimama nyuma ya kiti, kafumba macho.

Mama akaweka mkoba chini. Akaomba yule mzima. Akamshika kwa kushoto, kiganja kikaingia kwenye kile kibonyeo — kikakaa. Kikakaa kabisa! Akamzungusha, akamsogeza karibu na lile jicho jipya, akafuata nyuzi mpaka mdomoni. Nadhani alikuwa hajawaona vizuri kwa miaka. Kisha akaokota kipande kwenye sinia, akakikagua, akakirudisha.

“Umevunja yule wa majaribio,” akaniambia. “Ungevunja huyu, leo ungelala kwenu.”

Mume wangu akafumbua macho. Akauliza majaribio gani, si baba aliwanunua?

Mama akageuka, akamtazama. Kama anayempima. Akanigeukia mimi, akaniagiza nimletee gazeti la zamani na bakuli la maji.

Nimepeleka. Naandika nikiwa jikoni, mlango uko wazi, nawaona. Mume wangu bado amesimama palepale na swali lake. Mama amelowesha gazeti, analikunja kwa kushoto, mara moja, mara mbili, mara tatu, maji yanamchuruzikia kwenye gauni la safari na hajali. Sasa limekuwa pedi ndogo, imejaa kiganjani. Anamwambia mwanawe avute kiti, aone majaribio gani.