Ulinipima kwa Saa

Baba Zubeda,

Mwanao amempa kuku ushahidi wangu sasa hivi. Kazamisha mkono kwenye kopo langu la punje, kachota, kamrushia kuku, kacheka. Nimeshindwa kumchapa. Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa nimefurahi.

Leo mama yako na mjomba wako wanatoka Kwashemshi kuja kumchukua, eti namtelekeza mtoto kwa umbea. Wewe umejikalia Korogwe. Basi barua hii siifungi, kaka yangu ataisoma mbele ya wote.

Unakumbuka ofisi ya shamba la mkonge, mwekezaji alipoleta kompyuta? Mimi naleta chai, wewe fundi. Programu ya kupima marobota ilikuwa inajikokota. Ukawa unaichungulia kila dakika, na kila ukichungulia unaikuta inachapa karatasi, ukailaumu printa. Siku ya tatu ukacheka mpaka chai ikamwagika: "Saa imenidanganya! Inachapa kila dakika, na mimi naangalia kila dakika!"

Ukanieleza kwamba ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mna vihesabio. Kila prosesa ikikosa kitu inachokihitaji kwenye hifadhi yake ya karibu ikakifuata mbali, kihesabio kinaongeza moja. Kikitimiza idadi uliyokipangia, programu inasimamishwa kidogo, pale ilipofika panaandikwa, inaendelea. Alama zikirundikana mahali pamoja, hapo ndipo inapochelewa. "Usifuate saa," ukasema, "fuata tukio." Niliishia darasa la saba lakini nilielewa, ukaniita mwalimu. Nilikupenda siku ile, Mungu anisamehe.

Sasa mimi umenipimaje? Kila Jumamosi saa kumi unashuka Segera kumwona mtoto, unanikuta barazani kwetu nasukwa nywele. Jumamosi saa kumi ndiyo saa yangu ya kusukwa! Ukaenda kwenu kusema, "Yule kazi yake kukaa." Fundi mzima, huna hata haya!

Basi nikafuata tukio. Kila ninapomwacha Zubeda nyuma nahesabu moja. Ikifika ya tano natia punje ya mahindi kwenye kopo la kile nilichokifuata mara hiyo. Makopo manne: maji, kuni, machungwa ninayouza barabarani, na umbea. La umbea lina punje mbili, sifichi. La maji ndilo alilochota mwanao, na hata baada ya kuku kula bado limeyashinda mengine yote. Kisima kiko mbali, unakijua. Pipa la kukinga mvua uliloniahidi liko wapi? Lilete, uone kama mtoto ataachwa tena. Mjinga mimi, bado naamini utalileta.

Mama yangu ameanza kuita huko nje: "Mama Zubeda! Toa mkeka, wageni hao!" Zubeda kalikumbatia kopo la maji, hataki kuliachia. Natoka naye hivyo hivyo. Nitawamwagia punje mkekani wahesabu wenyewe, mama yako aanze. Mimi mama wa mwanao nasema, asiyehesabu asimguse, na wewe siku ukitokea na lile pipa, mimi

"Mama Zubeda! Wewe!"

Naam, mama, naku