Yule wa Juu ya Kichanja cha Kahawa

Chapwa, Tunduma

Mdogo wangu Gwalugano,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwanao Luka alipofariki, na sitaki kuzikwa nalo. Ila kwanza nikusalimu. Hujambo? Shemeji Jenista na goti lake, wanaelewana? Mimi moyo umechoka. Binti yangu Erica ndiye ananinywesha uji.

Unajua maisha yangu yote nimetengeneza filamu za kutisha. Watoto wa hapa mpakani wananiita Babu Mizimu, na wanunuzi wa Nakonde walibeba mikanda yangu kama wanavyobeba mchele. Wewe, mzee wa kanisa, hukutazama hata mmoja. Ulisema shetani hahitaji kusaidiwa na kamera, tukacheka wote.

Sasa akili inanichanganyia mambo. Jana nilimwomba Erica amshushe yule mwanamke mwenye uso wa unga aliyekaa juu ya kabati. Akanijibu kwa upole kwamba yule ni wa kwenye filamu, baba. Sikuwa na hakika. Hata sasa sina.

Unaikumbuka alfajiri ile ya ukungu nyumbani Ileje. Ulimwona dada yetu Tusekile juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, uso mweupe, kitenge chake cha njano, mikono ameinyoosha kuelekea nyumba yako. Wiki hiyohiyo Luka akashikwa na homa, akatutoka. Kwenye kikao cha ukoo uliapa kwa Biblia, nami nilijua husemi uongo. Tusekile alisema alilala kwa rafiki yake, lakini rafiki huyo hakuna aliyemwita. Akanigeukia akaniomba, kaka, sema neno. Nikatazama viatu vyangu. Kaburi la mtoto lilikuwa bado bichi, nikaogopa.

Ukoo ukamwita mchawi, ukamfukuza. Mpaka leo yuko Galula, anawakaangia vitumbua wachimba dhahabu. Huwa anawatania kwamba mchawi gani huyu wa kuamka kabla ya jogoo apate hela ya chumvi.

Baadaye nilimweka mwanamke wa kichanjani kwenye filamu, naye ndiye aliyenipa jina. Walioniuliza nimemtoa wapi niliwajibu kwamba ni kisa cha kweli cha ukoo wetu. Nimekisimulia hadi siku nyingine namwona Tusekile pale juu kwa macho yangu mwenyewe, na naamini.

Nakuomba umfuate wewe mwenyewe, umrudishe nyumbani kabla sijafa. Msibani kwangu akae mbele, pamoja na ndugu. Msalimie shemeji, na wapendwa wa kanisani waniombee.

Jioni ya kuamkia alfajiri ile ya ukungu nilimtaka Tusekile aniigizie mzimu kwenye filamu. Akakataa. Alisema hawezi kukanyaga kahawa ya baba kwa ajili ya majini yangu, akaenda kwa rafiki yake, kitenge akakiacha kwenye kamba. Alfajiri ukungu ulikuwa mzuri, na ukungu haumsubiri mtu. Nikasimamisha kamera, nikajipaka unga, nikajifunga kitenge kile, nikapanda.

Uliyemwona ni mimi.

Kaka yako,
Andongwisye