Sukari ya Kijiji

Bariadi, 1976

Dada Apolonia,

Pokea salamu zetu. Pamba imeota vizuri, sasa tunapalilia.

Mimba inakua, ila kliniki nesi alikuta sukari kwenye mkojo wangu. Akaniambia, "Mama, kwa unene huu ni hatari kwako na mtoto. Punguza ugali, chai unywe bila sukari."

Wenzangu wa kijijini waliokuwa foleni walisikia. Kwenye shamba la ujamaa mmoja akasema, "Kumbe sukari ya duka la kijiji anaimaliza Eufrasia!" Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikainamia jembe nikilia.

Nyumbani mama mkwe ananijazia sahani, naona haya kukataa. Namaliza yote, huku nikimwogopea mtoto.

Njoo umwambie mama mkwe wewe, dada. Mdomo wangu unafunguka kwa kula tu.

Mdogo wako,
Eufrasia