Visubi Kwenye Mkia wa Kondoo wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Coatepec, Veracruz.
9 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Fidencia,

Pokea salamu zangu na za mama, ingawa za mama ni tamu kuliko zangu. Huko Tijuana mu wazima? Shemeji Crisanto mgongo umepoa? Huku mvua inanyesha kila alasiri na kahawa mashambani inanenepa. Hiyo ndiyo habari njema. Ukitaka, ishia hapo.

Nasikia umemwandikia shangazi Eduviges kwamba naua mkia wa kondoo, ule mmea wa mama unaoning'inia kama mikia. Fidencia, una uso mkavu! Nani alikuja Pasaka akamwaga machicha ya kahawa, pamoja na sukari guru yake, kwenye kopo la mkia wa kondoo? "Kahawa ni mbolea, dada, umesahau tulivyolelewa?" Sikusahau. Tulilelewa tukiyamwaga kwenye migomba. Mmea unaoweka maji ndani ya majani hautaki udongo uliolowa, na sukari ndiyo usiseme.

Kabla likizo yako haijaisha, visubi wakaja. Ukigusa kopo wanapaa, wanakuingia puani, wanazama kwenye supu ya mama. Ulipoondoka niliacha kumwagilia, nikakwangua udongo wa juu, nikaweka kokoto, nikatega bakuli la siki. Walionaswa ni wengi. Lakini mabuu yao yalikuwa chini yanatafuna mizizi, na majani yakaanza kudondoka.

Unajua maana yake. Tangu macho yazimike, mama huupapasa ule mmea kila asubuhi, juu hadi chini, ndipo anywe kahawa yake. Ni wa mama yake mzazi. Juzi alipapasa akakuta nyuzi tupu. "Eloína, mmeutupa?" akaniuliza, kisha akarudi kitandani bila kutia kitu mdomoni. Ningeweza kupanda majani yaliyodondoka, lakini yatachukua miaka kurefuka, na mama hana miaka ya kusubiri.

Aliyebaki na mmea uliotoka kwenye kopo lile ni jirani yetu Bi Obdulia peke yake. Aliumega zamani kwa siri, kama tunavyofanya sote, maana husemwa kipande cha wizi ndicho kinachoshika mizizi, cha kupewa hufa. Ni Obdulia yuleyule ambaye wewe, visubi walipoanza, ulitangaza ana kijicho, ukafunga utepe mwekundu wa kukinga kijicho kwenye kopo huku anakutazama! Tangu siku hiyo hatusalimii.

Nilikwenda hivyo hivyo. Akanizuia mlangoni.

"Leo mwenye kijicho ana faida, eh?"

"Bi Obdulia, ni kwa ajili ya mama."

"Mama yako sina ugomvi naye. Ila kukupa, sikupi. Yule mdogo wako aje mwenyewe na mdomo wake."

Nikalia, sikufichi. Akanitazama, akafyonza.

"Maharage yangu yanaungua. Naingia jikoni, na kisogo changu hakina macho. Nikirudi nisikukute hapa."

Akaacha mlango wazi. Nikaingia, nikamega mikia mirefu ya mmea wake, nikaificha ndani ya mtandio, nikatoka mbio na umri wangu huu.

Nimeipanda kwenye kopo lilelile la mama, ndani ya changarawe kavu, wala tone la maji haionji mpaka ishike. Leo asubuhi mama ameipapasa taratibu, akacheka, akaomba kahawa.

"Fidencia alisema kahawa itaunenepesha," akasema. "Mwandikie, umshukuru."

Basi nakushukuru. Sikumwambia ukweli, kwa sababu alikuwa anakunywa kahawa yake.

Ukija Desemba, bisha kwanza kwa Bi Obdulia, umwombe radhi mtaa mzima ukisikia. Nitakuwa dirishani. Usipoanzia kwake, kwangu hufunguliwi, hata mama akinililia.

Nisalimie Crisanto na binti yako Yareli. Shangazi Eduviges nitamsalimia mwenyewe, nina maneno naye. Mungu akulinde huko uliko, na aulinde ulimi wako zaidi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika,
Eloína