Maiti Aliyepumua Amegoma Kufa Tena

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ila usianze kwa kunicheka maana waliocheka wanatosha. Mimi ni dobi, mjane, na mwanangu wa pekee ametengeneza filamu ya mauaji kwa hela ya kuungaunga, akaipigia humuhumu dukani kwangu kwa sababu kukodi nyumba hakuweza, na mimi ndiye ninayeuawa. Napigwa kichwani kwa pasi ya nguo, naanguka nyuma ya kapu la nguo chafu, halafu binti yangu wa kwenye filamu, ambaye ndiye mkwe wangu wa kweli, mke wa huyo mwanangu, ananikuta na kulia, kisha anaanza kumsaka muuaji.

Basi siku ya kuwaonyesha majirani ukumbi ulijaa, na kasoro sikatai zipo, kofia ya polisi ni moja inahama kichwa hadi kichwa, mlio wa bastola unakuja mtu ameshaanguka, damu ni rangi ya nguo na inaonekana kabisa ni rangi ya nguo, na makoti ya wapelelezi mwanangu aliyachukua kwenye nguo za wateja wangu bila kuniambia, mzee mmoja akasimama gizani akapaza sauti, "Hilo koti langu! Kumbe ndiyo maana lilichelewa!" Haya, yote hayo watu waliyavumilia. Lakini ilipofika zamu yangu ya kuwa maiti, kifua changu kikapanda kikashuka waziwazi, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tangu hapo sokoni naitwa Maiti. Sasa mwenye jumba la sinema amesema ataionyesha filamu kwa sharti moja, sehemu hiyo irudiwe, na mwanangu amekuja kunibembeleza, "Mama, ufe tena mara moja tu, safari hii ubane pumzi." Nimemwambia sifi. Sifi ng'o!

Sababu yenyewe hajui, nakuambia wewe. Mwaka jana mimi na mkwe wangu tulikosana, nilimtangaza kwa ndugu kwamba ndiye aliyemfanya mwanangu aache kazi ya benki akakimbilie kamera, naye akanijibu mbele yao wote, "Mama, nyumba hii haitapata amani mpaka ufe." Toka hapo tukawa watu wa salamu za mlangoni, basi. Sasa siku ya kupiga picha aliandikiwa aseme "Mama! Mama!" tu, lakini alipopiga magoti akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Mama, sikumaanisha. Amka," na machozi yake yakaniangukia shavuni. Wewe ungekuwa mimi usingepumua? Mwanangu akasema "kata", tukainuka, kila mtu akashika njia yake, na watu wote wanadhani ni maneno ya filamu. Leo niyafute? Kwa ajili ya mwenye jumba na viti vyake vilivyochanika? Lakini mwanangu hali, halali, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuua yeye. Nimekuwekea nakala, itazame mwenyewe, halafu uniambie, nife au nisife?

Wako,
Dobi Aliyepumua

Mwenzangu dobi,

Pole, na samahani, nimecheka. Nilipoitazama mara ya pili sikucheka.

Tuanze na filamu. Mwanao anahitaji mtu wa kumkumbusha kwamba bastola hulia kwanza, mtu huanguka baadaye. Na ile kofia, jamani, ingepewa jina lake kwenye orodha ya waigizaji. Lakini yule muuaji anayeongea polepole, hapandishi sauti hata mara moja, pale anapomletea binti wa marehemu shati alitoe doa, na binti anasugua hajui damu ile ni ya mama yake, kikombe cha chai kilinigandia mkononi. Nimetazama filamu za watu wenye magari ya kulipua nikasinzia. Hii ilininyanyua kitini nikakague komeo la mlango.

Na kile kilio ndicho kinachoibeba filamu yote. Kuanzia pale namfuata yule binti popote anapokwenda, hata akiongozana na wapelelezi wa makoti ya kuazima. Mkirudia, wewe utakufa vizuri na yeye atalia vibaya, maana kilio kama kile hakiji kwa kuamriwa. Kwa hiyo usife. Mwanao aende kwa mwenye jumba amwambie, "Maiti wangu anapumua, na filamu yangu ndiyo hiyo." Akikataa, tafuteni ukuta na shuka nyeupe. Shuka dobi atakosa? Acha watu wacheke, wakimaliza watamsikia binti anasema nini.

Nimemaliza kukuunga mkono, sasa kaa vizuri nikuseme. Unaitetea pumzi ile kama roho yako, lakini aliyekufanya upumue umemfanyia nini? Mtoto wa watu alipiga magoti, akameza maneno yake mabaya mbele ya kamera, akakuomba. Wewe ukasikia, ukapumua, ukaendelea kufumba macho. Kamera ilizimwa zamani, wewe bado umelala nyuma ya kapu la nguo chafu! Na usijifanye umeonewa, aliyepita kwa ndugu akimtangaza mwenzake ni nani? Unataka filamu ikutunzie msamaha kama koti la mteja asiyekuja kulichukua. Msamaha hautunzwi hivyo.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha pasi, mwite mkwe wako. Usimtume mwanao, usimzungushe kwa mafumbo wala methali. Mwambie, "Mwanangu, siku ile nilikusikia." Kisha nyamaza, yeye aseme. Hilo la benki mwombe radhi, tena mbele ya ndugu walewale uliowajaza maneno. Akilia, mshike uso kama alivyokushika. Na yule mzee mrudishie koti lake, limekwisha kufuliwa.

Kazi ya kufa umeimaliza, mama, na umeifanya ulivyoweza. Mkwe wako alikuambia neno moja ambalo halikuandikwa popote. Amka.