Fundi Aliyenawa Kabla ya Kazi

Kwako Mama Musimbi wa ukurasa wa mambo ya nyumbani,

Salamu ni nyingi lakini leo sina roho ya kuzimaliza, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Nisaidie kabla shule hazijafungwa, kwa sababu siku hiyo ya kufunga ndiyo nimeweka ya kumrudisha bibi yangu kwao, na barua nimeshamwandikia baba yake, Mzee Macharia, nikamwambia ajitayarishe kumpokea. Majina yote ya barua hii uyachape vile yalivyo, usifiche hata moja, wajulikane.

Mimi ni mkulima, niko barabara ya kwenda Moiben, si mbali sana na mji wa Eldoret, na nina ng'ombe saba wa maziwa na pikapu ya Pijo ambayo nilinunua mwaka juzi kwa mwalimu aliyestaafu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri natoka na mikebe ya maziwa kupeleka mjini, na saa hiyo bado ni giza tupu, kwa hivyo taa za gari kwangu si urembo. Bibi yangu, Mama Nduta, nimekaa naye miaka kumi na miwili, na kila siku saa kumi yeye ndiye anaamka kuwasha moto na kunipashia maji ya kuosha ng'ombe matiti kabla sijakamua, na sijawahi kusikia neno lolote juu yake, hiyo nasema ukweli mbele ya Mungu, mpaka huyu Khisa alipokanyaga boma langu.

Khisa ni fundi wa jua kali kule mtaa wa Huruma, kijana mrefu, hajaoa, anazunguka na baiskeli na mfuko wa spana. Mwezi wa pili taa yangu ya kulia ilikufa, na siku hiyo chifu alikuwa ameita baraza, na baraza unajua si kitu cha kukosa, kwa hivyo niliacha gari nyumbani na balbu mpya ndani ya boksi lake nikamwambia Mama Nduta amwite fundi aiweke, nami nikaenda kusimama juani na wenzangu kumngojea D.O., mkuu wa tarafa, tukamngoja mpaka miguu ikafa ganzi, halafu tukaambiwa D.O. hafiki, turudi makwetu. Sasa mimi nikarudi mapema kuliko nilivyosema. Ah, Mama Musimbi, afadhali D.O. angekuja!

Nilipoingia kwa geti nilimkuta Mama Nduta amesimama mlangoni na lile birika letu la wageni, anammwagia huyo kijana maji mikononi, maji ya moto, nimeona mvuke kwa macho yangu, na beseni la wageni liko chini, na taulo ya wageni iko begani mwa bibi yangu, ile ambayo hutolewa pasta akija, na sabuni ya kunukia, na wote wawili wanacheka. Nikaangalia mezani, hakuna chakula, hata kikombe. Nikaangalia gari, boneti bado imefungwa, hajaigusa. Nakuuliza wewe, umri wako wote umewahi kuona fundi wa gari ananawa KABLA ya kazi? Fundi hunawa akimaliza, tena kwa mafuta taa na unga wa sabuni, anajipangusa na gunia. Huyu anatayarisha mikono ya kwenda kushika nini?

Akanisalimia, "Karibu, Mzee," ati ananikaribisha kwangu. Halafu akajipangusa na taulo ya pasta, akafungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya betri, na sijui kama dakika tano zilifika, taa ikawaka. Na Mama Nduta akasema, mimi nikiwa hapo hapo nimesimama, "Huyu ana mikono, jamani." Hayo maneno sijayasahau mpaka leo.

Wiki mbili baadaye taa ya kushoto nayo ikafa. Nikasema hakuna fundi atakayekuja hapa kuogeshwa, nitaweka mwenyewe. Siku hiyo hiyo nikitoka tu kukamua nikashika kazi. Mama Musimbi, wale watu waliotengeneza hilo gari hawana huruma, wameweka taa mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti, kuna betri huku na bati kule, unaingiza vidole viwili unaondoa mpira, halafu kuna kiwaya kinachoshikilia balbu, ukikigusa kinaruka, kikianguka kinaingia chini kabisa kwa injini na wewe unalala tumboni kukitafuta, na balbu yenyewe ina miguu mitatu inayoingia njia moja tu, nyingine zote inakataa, na huoni kitu, unapapasa. Nilichubuka kifundo chote cha mkono. Na wakati nimepinda hapo natoa jasho Mama Nduta akaja kusimama nyuma yangu akaniambia, "Baba Nduta, si unawe mikono kwanza?"

Ati ninawe! Yaani mikono ya Khisa ni safi na yangu ni michafu! Na mikono yangu, kwa taarifa yako, ni laini kuliko ya fundi yeyote wa Huruma, kwa sababu nikimaliza kukamua mimi hujipaka yale mafuta ya kukamulia, yale ya kwenye kopo, ya kulainisha matiti ya ng'ombe, najipaka mpaka kiwiko kwa ajili ya huu upepo wetu wa baridi, sijapasuka ngozi miaka yote. Nikamwambia arudi jikoni.

Balbu niliiweka, ikawaka, nikajisikia mwanamume. Siku ya nne ikafa. Nikanunua nyingine nikaweka, Mama Nduta akaniambia tena ninawe, nikaendelea kupapasa, siku ya tatu ikafa. Nikanunua ya tatu, akasema tena, safari hii nikamtukana, na balbu ikaishi siku mbili. Na ile ya kulia, ya Khisa, bado inawaka tu, kila alfajiri iko mbele yangu inanionyesha barabara, na mimi naitazama nikiuma meno. Pale tunapopanga mikebe wameanza kuniita Jicho Moja. Juzi Obiero, mwenzangu wa maziwa, akauliza mbele ya watu wote, "Kwani hii ya kulia aliweka nani? Si umwite huyo huyo amalize na upande ule?" Wakacheka wote. Nilitaka kumvunja mdomo.

Nikaanza kufikiri. Nikaona labda ni Mama Nduta anaharibu balbu zangu mchana nikiwa shambani, ili fundi aitwe. Kwa hivyo nikapaka unga wa ngano kwa boneti nione alama za vidole. Hakuna kidole kilichogusa, ila miguu ya kuku. Basi nikaona labda huyo kijana amenifanyia dawa, amefunga taa yangu ili ang'are yeye. Na Jumapili iliyopita tukitoka kanisani, Mama Nduta, mbele ya watoto, akasema, "Baba Nduta, kwa nini tusimwite tu Khisa?" Hapo ndipo nilipomwambia afunge vitu vyake. Akaniuliza, "Kwa sababu ya balbu?" Nikamwambia anajua ni kwa sababu gani. Sasa hasemi na mimi, analia akipika, lakini maji ya kukamulia bado ananipashia, sijui anataka kunionyesha nini.

Niambie, nimrudishe na watoto au nimrudishe peke yake?

Mimi niliyedharauliwa,
Baba Nduta, Eldoret.

MAMA MUSIMBI ANAJIBU

Baba Nduta, umesema nichape majina yote watu wajulikane. Nimechapa. Sasa utajulikana wewe.

Pole kwa kifundo. Pole pia kwa Jicho Moja, najua wanaume wakikusanyika mahali pa maziwa hawana adabu. Lakini pole zangu zinaishia hapo, kwa sababu barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikatoka nayo nje nikamsomea Mzee Ouma, dereva wa gari letu la magazeti, kile kipande cha balbu tu, cha bibi yako nilikificha. Mzee Ouma ana miaka thelathini barabarani. Nilipofika kwa balbu ya pili akanizuia na mkono. Akaniuliza swali moja: "Huyo mtu anajipaka nini mikononi?"

Baba Nduta, nilipomwambia ni mafuta ya ng'ombe, yule mzee alicheka mpaka akakaa chini kwa ngazi ya ofisi.

Sikiliza. Hizo balbu ndogo za siku hizi, za halojeni, kioo chake hakiguswi na mkono wenye mafuta. Hata jasho la kidole ni baya, sembuse kopo zima la mafuta ya kukamulia! Kioo kinapata moto mkali, pale penye mafuta panaungua kuliko pengine, na balbu inakufa siku si zake. Hiyo ndiyo dawa uliyofanyiwa. Umejifanyia mwenyewe, mara tatu, ukitoka zizini. Na fundi anayejua kazi yake, akiwa ametoka kushika mnyororo wa baiskeli kutoka Huruma mpaka kwako, anaomba maji ya moto na sabuni, ananawa, anajipangusa na kitambaa safi, ndipo anafungua boksi la balbu. Ndiyo sababu boneti ilikuwa bado imefungwa. Ulichoona mlangoni kwako ni kijana anayeheshimu balbu yako.

Maji yalikuwa ya moto kwa sababu maji baridi hayatoi mafuta. Taulo ilikuwa ya pasta kwa sababu, nadhani, zile nyingine zote umejipangusia wewe. Kwa nini walicheka sijui, sikuwako. Watu hucheka.

Sasa nije kwako. Umepaka unga kwa boneti, unga wa ngano, chakula cha watoto, ukachunguza miguu ya kuku kama askari wa upelelezi. Umemwandikia baba mkwe. Umeniandikia mimi. Obiero karibu umvunje mdomo. Lakini kwa muda huo wote hukufungua kinywa hata siku moja ukamwuliza bibi yako, "Kwa nini yule kijana alinawa?" Swali la maneno matano! Angekujibu pale pale mlangoni, maana yeye alimwuliza fundi akaelezwa, na ninajua alielezwa kwa sababu alikuja akakuambia. Mara ya kwanza alikuambia unawe. Mara ya pili akakuambia unawe. Mara ya tatu akakuambia ukamtukana. Mwanamke amekuletea dawa ya taa yako mara tatu mkononi na wewe unasikia tusi, kwa sababu kichwani mwako tayari alikuwa ameshalala na fundi.

Na kuna jambo jingine umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Ulichomwa na maji ya birika aliyommwagia mgeni siku moja. Je, hayo maji ya saa kumi ya asubuhi, ya miaka kumi na miwili, anampashia nani? Umemwambia afunge vitu vyake na kesho yake ameamka akawasha moto. Unaniuliza anataka kukuonyesha nini. Ng'ombe wataoshwa na nini, Baba Nduta? Na mikebe itajaa vipi, na karo ya watoto italipwa na nini? Hakuonyeshi kitu. Anafanya kazi ya nyumba yake, ambayo wewe unataka kumtoa.

Haya. Leo hii, kabla ya kukamua jioni, andika barua nyingine kwa Mzee Macharia, umwambie ile ya kwanza uliiandika ukiwa na hasira na umekosa. Usimtafutie maneno mengi, andika umekosa. Ipeleke kwa posta mwenyewe. Kisha nunua balbu ya nne, uirudishe nyumbani ndani ya boksi lake bila kuichungulia. Usimwite Khisa kwa sasa, najua bado hujapona, lakini siku ukimwona Huruma simama umsalimie vizuri, na siku ukiweza umkaribishe chai.

Halafu ingia jikoni. Kopo la mafuta uliache zizini. Mwambie bibi yako, na sauti iwe ya mtu anayeomba: "Mama Nduta, nisamehe. Nimwagie maji ninawe." Akikumwagia yaliyo baridi kwanza, yavumilie, ni haki yake. Nawa na sabuni mara mbili mpaka kiwiko, ushike balbu kwa kitambaa safi, kioo usikiguse, na yeye akae upande wa pili akushikie kile kiwaya, maana mkono wake ni mwembamba na utapita pale wako unapokwama. Ulikuwa unahitaji mkono huo tangu siku ya kwanza.

Ikiwaka na kupita wiki, pale kwenye mikebe watakuuliza ni fundi gani aliyekuponya jicho. Usitaje gazeti, wala Mzee Ouma. Mtaje aliyekuambia mara tatu.